Herufi A

Dogo ninayemfundisha kazi aliniuliza juzi,
bisibisi mdomoni, kompyuta imefumuliwa mezani:
"Fundi, kwa nini inaanza na che?
A iko wapi? Be iko wapi? Nani kazichukua?"

Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.
A ulikuwa mlango, dogo.
Tulivua viatu kwenda kuuona.

Mwaka wa tisini na moja, Mtaa wa Makunganya,
ghorofa ya pili, chumba cha zulia na kiyoyozi.
Binadamu tukilowa jasho ngazini, mashine ikipulizwa baridi.
Diski ilikuwa pana kuliko kiganja changu,
nyeusi, laini, ukiipunga inapepea.
Bwana Merali akatukanya: usiikunje, usiiguse inapong'aa,
usiiweke karibu na spika.
Tuliibeba kama mtu aliyebeba uji wa moto
katikati ya watoto.

Zikaja ngumu, ndogo, saizi ya mfuko wa shati,
na kijibati kinachojifunga chenyewe, tap!
Pembeni kijidirisha.
Nyumba ya ajabu ile:
ukifungua dirisha ndipo mwizi haingii.
Joto la Machi liliziotesha ukungu,
tukazipangusa kwa pamba na spiriti
huku ripoti ya mtu mzima imelala humo, haina nakala.

Sidii nazo. Kariakoo ilichoma sidii
kama inavyochoma mahindi, hadi usiku wa manane.
Leo zinaning'inia bonde la Msimbazi
zikifukuza ndege kwenye mchicha.

Flashi ikaja, kidole gumba chenye kamba,
ikazunguka shingoni mwa wanachuo
na virusi wake, stesheneri hadi stesheneri,
kama mafua.

Sasa wananiletea mashine nyembamba kama kahawati,
haina tundu, haina mdomo.
Nikiuliza kazi zako umehifadhi wapi,
mteja ananyoosha kidole juu,
kwenye dari langu linalovuja.

Jana akaingia Leokadia.
Maduka manne yamemcheka.
Mkononi diski ya bluu, lebo ya kalamu ya wino:
KAMATI. USIFUTE.
"Ya marehemu mama," akasema. "Sijui kuna nini."

Chini ya meza ninayo moja, nimeifunika gunia.
Mke wangu huiita maiti.
Nikaivuta, nikapuliza vumbi, nikachomeka.
Krr. Krr-krr. Kimya.
Nikashika pumzi kama mtoto aliyevunja kikombe.
Krr.

Jedwali. Harusi ya Kondo na Mwanaidi, tisini na nane,
ukumbi wa Magomeni, katibu: mama yake.
Mama Chiku, elfu kumi, ametoa.
Mbonde wa posta, elfu tatu na mbuzi: mbuzi katoa.
Shomvi, fundi kompyuta, elfu tano,
bado.

Shomvi ni mimi.

Kialama kinapepesa pembeni mwa lile neno
kama mdai aliyekaa kizingitini, haongei, haondoki.
Na pilau lile nililila, dogo.
Nilirudia sahani.

Nikatoa elfu tano. Leokadia akaikataa,
akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kitenge,
akaichukua.
"Kwa hela hii mama angenunua gunia la mkaa
na chenji ingebaki."
"Mimi hata chipsi kuku sipati," nikasema.
"Basi tuandike," akasema.

Akavuta stuli. Akafuta lile neno herufi moja moja,
taratibu, kama mtu anayetoa mwiba.
Akaandika: ametoa.
Nikamwonyesha pa kuhifadhi.
Kwenye A.

Mashine ikakoroma, ikatetemesha meza,
bisibisi zikagongana kwenye kopo.
Dogo akaja mbio kutoka mlangoni,
akainama, akatega sikio:
"Fundi, inaumwa?"

Haiumwi, nikamwambia.
Inaandika.